Betri Hazikuwa na Kosa

Nyinyi mnaotoka chuoni na simu zinazopima betri kwa mbali, nawaonea wivu kidogo na huruma nyingi. Sisi betri tulizipima kwa pua. Ukifungua mlango wa stoo ukakutana na harufu ya mayai viza, unajua kuna betri inachemka, unakimbilia swichi kabla hujaanza kukohoa. Leo kijana amejilaza chumbani kwake Nkoma, hapa hapa Mbale, soksi miguuni, anatazama mitambo ya kisiwani kwenye kioo cha simu, kisha ananiambia, "Mzee Swaibu, kila kitu kiko sawa." Mwanangu, hata mimi niliandika "kila kitu kiko sawa" kwa miezi minane, tena kwa wino mweusi na kupiga muhuri.

Nilianza kazi kama fundi wa dizeli hapa Mbale, kule upande wa viwanda, nikamaliza kama fundi wa umeme wa jua mwenye cheo kirefu kuliko mshahara. Kiswahili nilikiokota kambini, baba yangu alikuwa askari, na mpaka leo nikifungua mdomo wananiita Afande. Wazee wengine wakinisikia kwa mara ya kwanza hutazama kwanza kuku wao wako wapi. Siwalaumu, wana kumbukumbu zao za askari.

Aliyenifundisha kazi ni Mkenya mmoja wa Bungoma, tumwite Mzee Wekesa. Mtu mfupi, mkimya, kofia haimtoki kichwani. Siku moja tuliitwa kwenye kinu cha mahindi ambacho umeme wake ulikatika kila siku ifikapo saa saba mchana. Mimi, ujuzi unanimwagika, nikafungua mota. Nikaitia grisi, nikabadilisha waya, nikaifunga, nikaifungua tena. Siku tatu. Siku ya nne akaja Mzee Wekesa, mota hakuigusa hata kwa kidole. Alizunguka nyuma ya kinu kwa mama anayewapikia wapagazi, akaomba chai, akanywa taratibu, akarudi akaniambia kwamba mama yule ana jiko la koili na kila saa saba hulichomeka kwenye laini ileile ya mota. Kisha akasema mtambo hauna mdomo, wenye mdomo ni wanaoshinda nao, kwa hiyo uliza kabla hujashika bisibisi. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Likaingilia sikio hili, likatokea lile.

Miaka ikapita, dizeli ikawa ghali na ikawa dhambi. Ndipo ikaja sera.

Hamjui sera nyinyi. Sera ni kitabu kinachozinduliwa. Chetu cha nishati jadidifu kilizinduliwa katika hoteli moja ya Jinja, mto unaonekana dirishani, na siku hiyo umeme wa gridi ulikatika mapema asubuhi. Kwa hiyo tulijadili namna ya kuachana na dizeli huku jenereta la dizeli linanguruma nje, na msemaji mkuu akilazimika kupaza sauti ili lisimshinde. Msemaji huyo ndiye alikuja kuwa bosi wangu. Jina lake nitalihifadhi, ana wajukuu. Tulimwita Bwana Sera. Alikuwa na tai ya kijani kwa ajili ya mazingira, na gari kubwa ambalo halikuzimwa injini hata akiwa mkutanoni, ili akitoka alikute limeshapoa ndani.

Mradi wetu ulikuwa kwenye kisiwa kimoja kidogo ziwani, unachukua mtumbwi pale Masese, Jinja, unafika baada ya kuloa vya kutosha. Wenyewe wanakiita Jamhuri. Wanasema serikali huwafikia wakati wa kura tu, muda mwingine wanajitawala, na mwenyekiti wao wanamwita Rais bila kucheka. Nchi yenye mabwawa inayouza umeme kwa majirani, na wao wakikaa ufukweni jioni waliuona mwanga wa Jinja ng'ambo huku wameshika kibatari.

Tukawapelekea paneli sitini, betri, inveta na mita za kulipia kabla ya kutumia. Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa friji ya chanjo kwenye zahanati. Zamani mama alibeba mtoto mchanga juu ya maji mpaka Jinja kwenda kudungwa sindano, na ziwa likichafuka hakwenda. Sasa Sista, yaani muuguzi wa pale, alikuwa na friji. Wanawake wa kisiwa ndio waliochanga kuilipia umeme, kila mmoja kidogo kidogo.

Kisha Bwana Sera akatuita ofisini kutoa habari. Kulikuwa na nchi moja ndogo ya visiwa, mbali huko baharini, iliyochoka kusubiri meli za dizeli, nayo inatunga sera yake. Wakubwa wake watakuja kwetu kujifunza baada ya mvua. Tuwaonyeshe Jamhuri. Mradi ukiwa hai siku hiyo, utabaki. Ukiwa mfu, utang'olewa upelekwe mahali penye watu wanaostahili. Neno "wanaostahili" alilisema akinitazama mimi.

Na mradi ulikuwa unaumwa. Kila siku saa mbili za usiku, umeme wa kisiwa kizima ulikata roho.

Sasa sikilizeni tulivyofanya kazi, mcheke mkitaka. Kanuni ilikuwa fundi asiende kisiwani bila barua, wiki moja kabla, nakala kwa Rais. Halafu tulikwenda na boti ya mradi, injini yake inasikika kabla haijaonekana. Tunafika, paneli zinang'aa, safi kuliko sinia za harusi. Napima hii, sawa. Napima ile, sawa. Betri zinajaa mbele ya macho yangu. Naandika ripoti. Kisha tunakaribishwa kwa Mama Naigaga, kiongozi wa wanawake, mjane mwenye mabega ya kupiga kasia, anatupa ugali na mukene wa kukaanga na kitunguu. Mukene ni hao dagaa wadogo wa ziwani, Wakenya wanawaita omena. Na wale wake hawakuwa na chembe ya mchanga. Nyinyi mnajua dagaa wa mchanga, unatafuna huku unahesabu meno. Nikamsifu mbele za watu, nikamuuliza anawakaushia wapi.

"Mahali safi, Afande," akasema, wanawake wote wakainama kutazama sahani.

Nikaongezewa ugali. Nikarudi Mbale, nikaandika kwamba kila kitu kiko sawa, kosa ni la betri tu.

Zikaletwa betri mpya. Umeme ukafa saa mbili. Nikaandika kwamba hata hizi mpya ni mbovu, pengine ziliharibikia njiani. Zikaletwa nyingine. Umeme ukafa saa mbili. Bwana Sera akasema hapo si betri tena, ni wezi, watu wale wanajiunganishia waya, maskini ndivyo walivyo. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa. Fundi aliyeshindwa hupenda sana kusikia kwamba kuna mwizi.

Siku niliyopata akili, sikuipata kwa akili. Injini ya boti ya mradi ilizima pale Masese, hata haijaondoka. Kulikuwa na mtumbwi wa makasia umepakia chumvi na mkaa unaelekea Jamhuri, nikaomba lifti, nikakalia gunia. Hakukuwa na barua wala mngurumo. Nikafika saa sita, jua kali, nikapanda kilima cha mitambo nikiwa nimelowa suruali.

Jamani. Paneli sitini, na huoni hata moja. Mukene juu, mukene kati, mukene mpaka ukingoni, wanawake wanapita katikati na fagio laini wanawageuza kama mtu anayegeuza chapati. Jua lote la kisiwa linakausha samaki, betri zangu chini zinalala njaa. Kumbe kila tulipoandika barua siku ilijulikana, na mngurumo wa boti ulipofika walikuwa wamekwisha kukusanya, kufagia na kusuuza.

Mama Naigaga aliniona. Hakukimbia. Alinifutia kigoda kwa kanga yake.

"Afande," akasema, "leo hukuandika barua."

Tukakaa, akanieleza. Mukene wa kukaushwa mchangani hununuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Mukene safi huliwa na watu, Wakenya wanawagombea sokoni Mbale. Tangu paneli zije, kwa mara ya kwanza wanawake wa Jamhuri walikuwa wanauza chakula cha watu. Na pesa hiyohiyo ndiyo iliyonunua umeme wa mita, na ndiyo iliyolipia friji ya Sista. Hawakujua kwamba kivuli cha samaki kinaua mtambo. Walidhani kioo ni kioo, jua linapenya. Hakuna aliyewahi kuwaambia, maana sisi mafunzo tuliyowapa yalikuwa hotuba ya Bwana Sera juu ya tabianchi. Akaniomba nimpe siku chache awakutanishe wanawake, watafute njia. Nikasema nimeelewa. Nikala, nikashiba, nikashukuru.

Kesho yake asubuhi nikaandika ripoti, yote, na jina lake ndani.

Msinitetee. Nilijiambia mimi ni mtu mkweli. Ukweli wenyewe ni kwamba miezi minane nilikuwa nimeitwa mjinga ofisini, na sasa nilikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba mjinga ni mwingine. Nilikwenda kuikabidhi ile ripoti natembea kama bwana harusi.

Ndani ya wiki moja askari wa mradi walifika kisiwani. Magunia ya mukene waliyokuta kilimani waliyamwaga ziwani, na Mama Naigaga na wenzake wawili wakapelekwa Jinja kulala rumande siku mbili, kosa ni kuhujumu nishati ya taifa. Kilima kikazungushiwa uzio wa wavu wa chuma, mrefu, mzuri, na ufunguo wa lango ukakaa mezani kwa Bwana Sera ng'ambo ya maji. Betri zikajaa pomoni. Nilipongezwa mkutanoni, nikapewa soda.

Umeme ukawa tele. Sasa nani aununue?

Wanawake walirudi kwenye mchanga, mchanga ukawarudisha kwenye bei ya kuku. Mita moja baada ya nyingine ikaishiwa. Nyumba zikarudia vibatari chini ya kilima kilichojaa umeme. Mwisho ikakatika mita ya zahanati. Sista akapakia chanjo zake kwenye kisanduku cha barafu, akazirudisha Jinja kwa mtumbwi, na akina mama wakaanza tena kubeba watoto juu ya maji. Ofisini tulitazama tarakimu. Bwana Sera akasema ajabu, watu hawa hata umeme hawautumii, hawauhitaji, tufunge mradi kabla wageni hawajaja. Mwezi jana walikuwa wezi kwa kutumia mno. Mwezi huu hawastahili kwa kutumia kidogo. Niambieni nyinyi wasomi, maskini gani atashinda kesi hiyo?

Nilikwenda Jamhuri kwa mtumbwi. Mama Naigaga alikuwa ufukweni anachambua mchanga kwenye mukene kwa mikono. Nilimwamkia, akaitikia, hakutoa kigoda. Nikaanza kueleza habari za kanuni, na ofisi, na jinsi ambavyo sikutegemea wangetuma askari. Aliniacha nimalize.

"Afande, wewe ulikula kwa nyumba yangu," akasema. "Shida yangu uliona na macho. Kwa nini uliambia karatasi mbele ya kuniambia mimi?"

Nikamwambia tu kwamba nimekosa, na nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na kitu, kingehitajika nini ili yeye akaushe mukene wake nami nipate jua langu. Swali la chai moja, lile la nyuma ya kinu.

Hakufikiri hata kidogo, alikuwa nalo jibu siku zote. Alisema mukene hahitaji kioo, anahitaji kuinuliwa kutoka mchangani na upepo upite chini yake. Kisha akanyoosha mkono kilimani.

"Ile wavu mumesimamisha," akasema. "Ingelala."

Nikautazama uzio wa Bwana Sera. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Nikasema moyoni, Swaibu, liwalo na liwe, nikaomba koleo.

Kazi ilichukua siku mbili mchana kweupe. Mimi nilikata nyaya, wanawake walichimbua nguzo, wanaume wa kisiwa walikuja kutazama kisha wakaona aibu wakasaidia. Nguzo tulizikata fupi, tukazipanga safu, wavu tukaulaza juu yake, na juu ya wavu tukatandika nyavu kuukuu za kuvulia ili samaki wadogo wasidondoke. Vichanja virefu, kimo cha kiuno, mteremkoni mbali kidogo na paneli, ambako kivuli chake hakiwafikii samaki. Na kusafisha paneli kila asubuhi wakajitolea wenyewe, maana wao ndio waliojua sasa samaki mmoja tu kwenye kioo hula nini. Sikuandika ripoti. Mukene wa kwanza safi walipouzwa Mbale, mita ya zahanati ilijazwa kabla ya mita ya mtu yeyote, na Sista akarudisha chanjo zake.

Wageni walikuja baada ya mvua, na Bwana Sera mbele yao, tai ya kijani, anawasimulia juu ya uzio wa kisasa. Tukapanda kilima. Uzio hakuna. Umelala chini, umejaa dagaa, na kunanuka kisawasawa. Bosi wangu alinishika kiwiko na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba nimekwisha.

Kiongozi wa wageni alikuwa mama mmoja mhandisi, mnene, mwenye viatu vya kazi kweli. Alitazama paneli, akatazama vichanja, akaanza kucheka mpaka akajishika tumbo. Akasema kwao pia, kisiwa cha mbali kabisa, watu huanika samaki na nepi za watoto juu ya paneli, na wizara yake imebadilisha betri mara tatu ikiamini kwamba chumvi ya bahari ndiyo inayoziua. Akaomba kumuuliza mwenye wazo hili. Mimi nikatafsiri. Mama Naigaga akajifuta mikono, akamtazama yeye, si mimi, akasema hakuna wazo hapo. Alisema waliulizwa wakajibu, basi, na kama wangeulizwa siku ya kwanza betri zile zote zingebaki dukani.

Nilitafsiri neno kwa neno. Bwana Sera akaanza kuinyoosha tai yake.

Lakini mtu mkubwa ana kipaji chake. Kufika wakati wa chakula alikuwa ameshawaeleza wageni kwamba huu ndio ule mfumo shirikishi wa kukausha na kuzalisha, alioubuni yeye. Toleo jipya la kitabu cha sera lina picha ya vile vichanja, na mbele ya vichanja yupo yeye ameshika mukene mmoja kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu chooni. Nimesikia nchi ile ya visiwa nayo imeingiza vichanja katika sera yake. Mimi nilipata barua ya onyo kwa kuharibu mali ya mradi, na niliistahili barua ya onyo, ila si kwa kosa hilo. Mradi ulibaki.

Mniulize sasa kama mimi na Mama Naigaga tulipatana. Huja Mbale siku za soko, na mke wangu hunituma kwake, maana hataki mukene wa mtu mwingine. Napanda boda kutoka Nkoma, napanga foleni. Mnajua desturi ya soko letu: muuzaji akishapima kopo, anatupia konzi moja juu, nyongeza, ndiyo kusema tumejuana, rudi tena. Mama Naigaga huwapa nyongeza wote. Humpa Mkenya anayemkemea juu ya bei, humpa mlevi, nimemwona akimpa mtu aliyeondoka bila kushukuru.

Nikifika mimi anapima kopo, anapitisha kiganja juu lisawazike, anamimina, anafunga mfuko. Hapunguzi hata samaki mmoja. Haongezi.

"Karibu tena, Afande," anasema.

Nashukuru, nalipa, nampisha anayefuata.